Walikale walitoka, Rubaya wakabaki: vita hii inafuata hesabu gani?

Tarehe 19 Machi 2025, siku moja tu baada ya Rais Félix Tshisekedi na Rais Paul Kagame kukutana Doha mbele ya Emiri wa Qatar, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Walikale-centre. Siku tatu baadaye wakatangaza kwamba wanaondoka ili kuyapa nafasi mazungumzo ya amani. Walikawia, watu wakadhani ni maneno matupu, lakini mwanzoni mwa mwezi wa nne walikuwa wametoka kweli. Tarehe 9 Aprili kampuni ya Alphamin, iliyokuwa imesimamisha kazi Bisie tangu tarehe 13 Machi, ikatangaza kwamba inaanza tena kuchimba bati hatua kwa hatua.

Upande wa Masisi hakuna aliyetangaza kutoka. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa nne 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025. Wote hawa ni wananchi wa Kivu Kaskazini, wote walikimbia na magodoro kichwani, wote wamezika. Kwa nini basi amani ilikuwa na haraka Walikale, na huko Masisi haikuwa na haraka?

Nitatoa jibu langu bila kuzunguka. Bati la Bisie lina mwenyewe anayejulikana. Hisa za Alphamin zinauzwa Toronto na Johannesburg. Wakati ule mwenye hisa nyingi alikuwa mfuko wa uwekezaji wa Kimarekani, na katikati ya mwaka huo sehemu hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Abu Dhabi. Mgodi ukifungwa siku moja, kuna watu wenye simu za kupiga, na simu zao zinapokelewa. Koltani ya Rubaya haina mwenyewe mmoja. Ina walaji wengi, kila mmoja anakula kivyake, na hakuna hata mmoja anayepoteza kitu vita ikiendelea. Kwa Bisie vita ilikuwa inaharibu hesabu ya wakubwa. Kwa Rubaya vita ndiyo hesabu yenyewe.

Najua wako watakaosema mambo si mepesi hivyo, kwamba kulikuwa na shinikizo la kidiplomasia, na kwamba Walikale ni mbali na vigumu kuilinda. Sawa. Lakini shinikizo hilo lilikuwa wapi wakati watu wa Masisi walipolala miaka chini ya hema za Bulengo na Lushagala? Na kambi hizo ziliondolewaje mwezi wa pili 2025? Watu waliambiwa warudi kwao ndani ya saa 72, kana kwamba kwao kulikuwa na nyumba zinazowangoja.

Tuangalie Rubaya vizuri, maana pale somo liko wazi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, baada ya kuushika mji huo na njia zake, waliweka utawala wao wa madini: wanatoa vibali kwa wachimbaji na wanunuzi, wanatoza ushuru kwa kila kilo, na kwa njia hiyo wanapata angalau dola 800,000 kila mwezi. Zidisha kwa 12 mwenyewe. Wataalamu haohao walisema angalau tani 150 za koltani zilivushwa kimagendo kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Kigali inakanusha. Mkuu wa MONUSCO, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama mwaka 2024 kwamba eneo la Rubaya linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Hiyo tantali ndiyo inayotoka kwenye koltani. Bila hiyo, simu iliyo mkononi mwako isingekuwa ndogo hivyo.

Hapo wengi wetu huishia: adui ni fulani, amekuja kutuibia, basi. Ni kweli anaiba. Lakini tuulize pia, kabla ya mwezi wa nne 2024 nani alikuwa anakula Rubaya?

Tarehe 12 Agosti 2025 wizara ya fedha ya Marekani ilitangaza vikwazo kuhusu Rubaya. Watu wengi hapa walidhani ni vikwazo vya M23. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa PARECO-FF, kundi lililokuwa likipigana upande wa serikali, na ambalo Wamarekani wanasema lilishika machimbo ya Rubaya kabla M23 haijafika, likitoza ushuru na kuwafanyisha watu kazi kwa nguvu. La pili lilikuwa kooperative ya Kikongo iliyouza madini hayo. La tatu na la nne yalikuwa ya kampuni mbili za Hong Kong zilizoyanunua. Kwa hiyo mzalendo wa msituni, mfanyabiashara wa mjini na mnunuzi wa ng'ambo walikuwa kwenye mnyororo mmoja, chini ya bendera ya nchi yetu. M23 ilipofika ilikuta meza imeshaandaliwa. Ilichofanya ni kubadilisha mtu anayekaa kwenye kiti.

Na kabla ya hapo? Kilima hicho kilikuwa na kibali rasmi, kibali cha kampuni ya SMB, ya mbunge wa taifa aliyechaguliwa Masisi, Édouard Mwangachuchu. Kwa miaka mingi kampuni yake na kooperative ya wachimbaji, COOPERAMMA, waligombana juu ya nani achimbe wapi na nani auziwe kwa bei gani. Watu walikufa katika ugomvi huo. Mbunge huyo alikamatwa mwaka 2023 na mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini mwezi wa kumi mwaka huohuo. Siingii katika hukumu ile. Nasema tu kwamba mtu aliyepaswa kwenda Kinshasa kuwasemea wachimbaji ndiye aliyekuwa tajiri wao. Mtu hawezi kuwa wakili wa pande zote mbili.

Sasa twende Walikale, maana Bisie ina hadithi ndefu kuliko Alphamin.

Kasiteriti ya Bisie ilijulikana kuanzia mwaka 2002 hivi. Ndani ya miaka michache maelfu ya watu walikuwa wamejaa kwenye kilima katikati ya msitu, pasipo barabara. Madini yalibebwa mgongoni, mizigo ya kilo 50, mwendo wa siku mbili hadi Njingala, halafu ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo na kuyapeleka Goma. Wazee wa Walikale wanakumbuka ndege zikitua barabarani na magari yakisubiri zipite. Lakini nani alikuwa mkuu wa kilima? Kwanza Mai-Mai. Kisha Mai-Mai haohao wakavaa sare za jeshi la taifa, wakaitwa brigedi ya 85 chini ya Kanali Samy Matumo, wakabaki palepale, wakikusanya ushuru uleule. Mwaka 2009, baada ya CNDP kuingizwa katika jeshi, brigedi hiyo ikaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na wanajeshi ambao wengi wao walitoka CNDP. Hakuna aliyeshindwa vita pale. Ilikuwa ni kupokezana.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema. Ilisemwa kwamba ni kuvunja mtandao wa kimafia. Marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Wachimbaji wa kawaida waliteremka, wakakosa karo ya shule za watoto, maduka ya Njingala yakafungwa. Askari hawakuteremka. Ripoti za wakati ule zinaonyesha kwamba madini yaliendelea kutoka, ila sasa mikono iliyoyashika ilikuwa michache zaidi.

Na palepale Walikale akatokea Ntabo Ntaberi Sheka. Huyu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mtu wa biashara ya madini, alifahamu Bisie ndani na nje, alijua nani ananunua na nani analipwa. Mwaka 2009 akaanzisha kundi lake, NDC, akasema anapigania haki za watu wa Walikale. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, wapiganaji wake pamoja na wale wa FDLR waliingia vijiji vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo, na kubaka watu zaidi ya 300 ndani ya siku nne. Mwaka uliofuata, huku hati ya kumkamata imeshatolewa, aligombea ubunge. Alifanya kampeni! Alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamfunga maisha.

Nimekaa juu ya Sheka kwa sababu maisha yake yanaonyesha njia nzima: duka la madini, kisha bunduki, kisha karatasi ya kura. Wengi walifuata njia hiyo bila kufika gerezani. Kundi lake lilipasuka mwaka 2014, na Guidon Shimiray aliyeondoka naye akatengeneza NDC yake, NDC-Rénové, ambayo kwa miaka ilishika sehemu kubwa ya Walikale na Masisi, ikatoza watu wazima pesa za kila mwezi. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo mwaka 2018. Leo ni mmoja wa wakuu wa Wazalendo, na serikali inamhesabu miongoni mwa washirika wake.

Tusidanganyane, si madini peke yake yanayoleta pesa. Tukiongea koltani tu tutafurahisha waandishi wa Ulaya, lakini mama wa Nyabiondo anayeuza maharagi atatushangaa. Yeye hajawahi kushika koltani. Anachojua ni bariere. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS lilihesabu bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kusini, na kuonyesha kwamba nyingi hazikuwa kwenye machimbo bali kwenye njia za soko. Mzigo wa muhogo unalipa, gunia la makala linalipa, kuku analipa, na mwenye mikono mitupu naye analipa kwa kuwa na miguu. Halafu kuna jetoni, ile karatasi ndogo unayoonyesha kwamba umelipa mwezi huu. Kuna na ile waliyoipa jina la lala salama. Unalipa ili usishambuliwe usiku, na unayemlipa ndiye ambaye angekushambulia. Mkaaji wa Masisi anaweza kulipa bariere ya jeshi asubuhi, ya Nyatura saa sita, ya Wazalendo jioni. Palipo na M23 anakutana na ushuru mmoja uliopangwa vizuri zaidi, pamoja na salongo ya kutengeneza barabara ambayo si ya hiari. Wako wanaosema afadhali hiyo, angalau risiti ni moja. Nawaelewa. Mtu aliyechoka huhesabu unafuu, lakini kulipa mwizi mmoja badala ya watatu bado ni kuibiwa.

Kuna pia ardhi, na kwa Masisi ardhi ilitangulia madini. Wabelgiji walianza mwaka 1937 kuleta familia kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, kwa sababu mashamba ya wazungu yalihitaji vibarua. Hawakuwauliza waliokuwapo, wala hawakuwaeleza waliokuja haki zao zitakuwa zipi. Baada ya uhuru, Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973, mashamba makubwa ya Masisi hayakurudi kwa mwananchi wa Kihunde, wala kwa mkulima wa Kihutu au Kitutsi aliyekuwa kibarua pale. Yalikwenda kwa wakubwa wenye marafiki Kinshasa. Misitu na mashamba yakageuka malisho ya ng'ombe. Jibini ya Masisi tunayojivunia inatoka kwenye vilima hivyo, na siilaumu jibini. Nasema tu kwamba kijana aliyezaliwa pembeni ya hekta mia kadhaa zenye uzio, bila hata robo hekta ya kulima, alikuwa tayari kwa yeyote atakayemwambia kwamba adui yake ni jirani wa kabila lingine.

Na walikuja wa kumwambia. Machi 1993, damu ilianza kumwagika kwenye soko la Ntoto, Walikale, kisha moto ukapanda Masisi nzima. Maelfu walikufa. Yote hayo yalikuwa kabla ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994, kabla ya AFDL, kabla ya mtu yeyote pale kusikia neno koltani. Wanasiasa wa wakati ule walikuwa wanajiandaa kwa uchaguzi ulioahidiwa, na kila mmoja alihesabu kabila lake kama kura na kabila la mwenzake kama hatari. Wenye mashamba makubwa hawakupoteza mashamba. Waliokufana walikuwa wale wasio na kitu.

Ndiyo maana sikubali ninaposikia kwamba hii ni vita ya makabila, na sikubali vilevile kwamba ni vita ya madini ya simu tu. Chuki ipo, ni ya kweli, ina makaburi yake. Lakini chuki haijilipii risasi. Risasi zinalipwa na mtu, na mtu huyo anarudisha pesa zake mahali fulani. Mwaka 2000, bei ya koltani ilipopaa duniani, RCD iliyokuwa inatawala Goma haikuuliza kabila la kilo. Mwezi wa kumi na moja ilimpa mfanyabiashara mmoja, Aziza Kulsum Gulamali, kampuni yake SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje, ili pesa za vita ziingie kwa mlango mmoja. Miezi michache baadaye bei ikaanguka na mpango ukavunjika. Vita haikuvunjika, ilitafuta mlango mwingine.

Halafu wale waliokula wakati wa RCD wakaenda Sun City, wakarudi na vyeo. Makamu wa rais mmoja, mawaziri, majenerali, wakurugenzi. CNDP ikafanya vivyo hivyo kwa makubaliano ya 23 Machi 2009, na tarehe hiyo ndiyo iliyozaa jina la M23 pale waliposema hawakupewa walichoahidiwa. Kila mara bunduki inalipwa kwa kiti, na kijana wa Walikale anayetazama anajifunza kwamba shule inachelewesha.

Mfano mkubwa wa wakubwa wetu uko mbele ya macho yetu leo. Januari 2019 Corneille Nangaa, akiwa mkuu wa CENI, ndiye aliyetangaza kwamba Félix Tshisekedi ameshinda uchaguzi wa Desemba 2018, matokeo ambayo Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wengi vituoni, lilisema hayalingani na yale waliyoyaona. Joseph Kabila alikabidhi madaraka akitabasamu. Watu watatu, chumba kimoja, nchi nzima nje ya mlango. Miaka mitano baadaye Nangaa anaongoza AFC, muungano wenye M23 ndani yake. Amehukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani mwaka 2024. Kabila alionekana Goma mwezi wa tano 2025 chini ya ulinzi wa waasi, na mwezi wa tisa naye akahukumiwa kifo. Kila mmoja sasa anatuambia mwenzake ni mwizi wa kura na mwuzaji wa nchi. Kwa hili nawaamini wote watatu.

Na Masisi ilipata nini katika siasa hizo? Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa sababu ya usalama. Kwa hiyo wilaya inayotoa koltani inayotafutwa na dunia nzima haikuchagua mtu hata mmoja wa kuisemea. Tangu mwezi wa tano 2021 jimbo lilikuwa limewekwa chini ya magavana wa kijeshi, tukaahidiwa kwamba hali ya dharura itamaliza vita. M23 iliibuka tena miezi michache baada ya ahadi hiyo. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025.

Ndipo tukafika Washington. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakatia sahihi mbele ya Donald Trump, na pamoja na hayo Kinshasa ikasaini ushirikiano na Marekani unaohusu madini. Siku 6 baadaye Uvira ikaingia mikononi mwa AFC/M23. Sisemi makubaliano ni mabaya kwa kuwa yanataja biashara. Afadhali biashara iandikwe kwenye karatasi kuliko ifichwe chini ya maturubai ya malori. Rwanda na Kongo zikiuza kihalali kuna nafasi kwamba magendo yatapungua. Lakini nimesoma vizuri na kuuliza swali moja: mchimbaji wa Rubaya, yule anayeingia shimoni asubuhi wakati wa mvua bila kujua kama udongo utamruhusu kutoka, ametajwa wapi? Mkulima wa Masisi ambaye shamba lake limekaliwa na mwingine tangu alipokimbia, kesi yake itasikilizwa na nani, kwa hati gani? Wamarekani wana lao, Waqatari wana lao, Kigali na Kinshasa vilevile. Wenye mji ndio hawana karatasi.

Wazungu nao wasituangalie kwa huruma kana kwamba hawahusiki. Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda makubaliano ya madini mwezi wa pili 2024, wakati M23 inasogea kuelekea Sake, na mwaka mmoja baadaye, Goma ikiwa imeshaanguka, ndipo ukaanza kuweka vikwazo vya kweli. Zile lebo za plastiki zinazofungwa kwenye mifuko ili kuonyesha kwamba madini ni safi, Global Witness ilionyesha tangu 2022 jinsi zilivyofungwa kwenye madini ya Masisi yaliyotoka mahali pengine kabisa. Mfuko una lebo, mnunuzi ana amani ya moyo, na shimo liko palepale.

Lakini Brussels haitatusikiliza kama hata Kinshasa hatuiulizi. Sheria ya madini ya 2018 iko wazi: katika mrabaha ambao kampuni inalipa, nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 jimboni, asilimia 15 inakwenda moja kwa moja kwa sekta au chefferie ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mwaka 2024 Bisie ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Serikali yetu pia ina asilimia 5 ya hisa za mgodi huo. Hii si koltani ya magendo, si pesa za M23, si za FDLR. Ni pesa halali zilizolipwa benki. Sasa mwende Walikale-centre mwangalie barabara inayotoka Bukavu. Mwangalie hospitali. Mwangalie shule zenye kuta za mbao. Kama mgodi wenye hesabu zinazosomwa Toronto hauonekani kwenye barabara ya wilaya yake, tutegemee nini kwa Rubaya siku itakaporudi mikononi mwa serikali?

Hilo ndilo linalonisumbua kuliko vita yenyewe. Wakubwa wa Kinshasa wanataka tuamini kwamba tatizo litakwisha siku bendera itakapopandishwa tena Rubaya. Wakubwa wa AFC wanataka tuamini kwamba limekwisha siku walipoingia. Wote wanaongelea bendera, hakuna anayeongelea daftari. Koltani imewekwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati tangu mwisho wa 2018, mrabaha wake ni asilimia 10. Nani ataonyesha, kilo kwa kilo, asilimia hiyo ilivyoingia na ilivyotoka?

Kuna mambo ambayo hayahitaji Doha. Mkuu wa sekta ya Wanianga au ya Bakano anaweza kubandika mlangoni mwa ofisi, kila miezi mitatu, pesa za mrabaha alizopokea na alichofanya nazo, kwa Kiswahili, kwa tarakimu. Asipopokea chochote, abandike hivyo pia, ili tujue zilikwama Goma au Kinshasa. Vyama vya raia vinavyotoa tamko kila wiki juu ya usalama vinaweza kutoa tamko moja kwa mwezi juu ya bariere: iko wapi, ya nani, inatoza kiasi gani. Si lazima mtu aweke jina lake. Tunajua gharama ya kusema Masisi. Kila anayekwenda mezani kwa jina letu, awe waziri, kamanda wa Wazalendo au mjumbe wa AFC, aseme hadharani ana hisa katika kampuni gani, kooperative gani, shamba gani. Jenerali anayemiliki ng'ombe Masisi ana haki ya kuwa na ng'ombe. Hana haki ya kuficha alipata wapi malisho.

Uchaguzi ujao umepangwa 2028, kama utakuwapo, na kama safari hii Masisi itaruhusiwa kupiga kura. Watakuja na vitenge, chumvi na muziki. Watakuja na majina ya makabila pia, kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, wakiwa wamekaa na wazee. Kabla hawajafika hapo, kijana yeyote wa Rubaya, Nyabiondo, Pinga au Njingala asimame mbele ya watu na kumwuliza mgombea: tangu 2002, kilo ya kasiteriti au koltani ilipopita hapa, wewe ulikuwa umesimama upande gani wa bariere?